Nataka kuvuna maji ya mvua nyumbani Madale, nianze na tanki au gata?

Mdau wa Madale

Habari za jioni wadau, naombeni ushauri kabla sijatoa hela kwa fundi. Nimehamia kwangu huku Madale, Dar, mwaka jana, nyumba ya vyumba vitatu, bati za msauzi, paa la pande nne, kwa chini ni kama mita 12 kwa 10. Bomba la mtaa halijatufikia huku juu tulipo, jirani yangu alichimba kisima akapata maji ya chumvi, yani ukifulia sabuni haitoi povu kabisa, kwahiyo mimi maisha yangu ni boza.

Kilichonifanya niandike ni masika iliyopita. Ilikua Jumapili asubuhi tanki limeisha tangu jana yake, dereva wa boza ananipigia simu anasema gari limekwama pale mteremkoni, tope, hawezi kupanda mpaka jua liwake. Nimesimama barazani na simu sikioni na mvua inanyesha mbele yangu, maji yanashuka kwenye bati kama mtu kafungulia koki. Tukatoa ndoo, madumu, beseni la kufulia mpaka lile sufuria la shughuli, nusu saa haikuisha kila kitu kimejaa na maji bado yanamwagika tu, yanachimba mfereji pembeni ya msingi. Mke wangu akaniuliza, hivi baba Nasra sisi tunanunua maji ya nini? Nikakosa cha kumjibu.

Sasa nina simtanki la lita 2,000 liko juu ya mnara, nimetenga kama milioni moja na nusu kuanzia. Fundi mmoja kanishauri ninunue tanki la lita 10,000 moja kwa moja alafu gata, yani ile mifereji ya kukinga maji ukingoni mwa paa, tuweke upande wa mbele tu ili kubana hela. Hii imekaaje? Na je maji yenyewe yanafaa kunywa? Nina watoto wawili, mdogo ana miaka mitatu. Natanguliza shukrani.

Mama wa Goba

Pole sana mwanangu, hilo la boza kukwama mvua inanyesha nalijua, huku Goba na milima yetu tumelishuhudia wote. Mimi huu mwaka wa sita navuna na nakwambia kwa moyo mmoja usimsikilize huyo fundi wa gata upande mmoja, ndio kosa nililolifanya mimi mwaka wa kwanza. Nilinunua tanki kubwa, gata nikaweka mbele tu kwasababu ndiko kunakoonekana, masika yote tanki halikujaa hata mara moja na mvua zilikua nyingi tu. Tanki halileti maji, paa ndio linaleta maji, na paa bila gata ni bati tu.

Hesabu yake ni nyepesi hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita 1. Paa lako 12 kwa 10 ni mita za mraba 120, usipime ule mwinuko wa bati, pima chini kivuli chake. Kwahiyo kila milimita ni lita 120, toa kama sehemu moja ya tano kwa yanayoruka, yanayokauka na yanayopotea, unabaki na 96. Dar kwa mwaka tunapata zaidi kidogo ya milimita 1,000, piga mwenyewe, ni kama lita 96,000 zinapita juu ya kichwa chako kila mwaka, boza la lita 5,000 mara kumi na tisa hilo. Sasa hazinyeshi siku moja, nyingi zinakuja masika Machi mpaka Mei, nyingine vuli Oktoba mpaka Desemba, katikati hapo Juni mpaka Septemba vinyunyu tu. Ndio maana tanki linahitajika, lakini ni la pili, gata kwanza.

Na kitu kingine usikubali fundi akiruke, maji ya mwanzo yasiingie kwenye tanki. Wewe hujawahi kupanda juu ya bati lako mwezi wa tisa? Mimi nilipanda. Kunguru wetu hawa wa Dar wanageuza paa kua jiko lao, nilikuta miba ya samaki, mfupa wa kuku, kinyesi kimekauka cheupe mistari mistari, na vumbi la barabara unaliandika jina kwa kidole. Mvua ya kwanza inavyonyesha vyote hivo vinashuka. Siku moja nilikinga na glasi maji ya dakika za mwanzo, rangi yake chai ya rangi kabisa, baada ya robo saa nikakinga tena glasi nyingine ukiyaangalia huoni tofauti na ya chupa. Zile glasi mbili niliziweka dirishani wiki nzima nikimuonyesha kila mgeni.

Mimi nina pipa la lita 200 linalopokea kwanza, likijaa ndio maji yanapita kwenda kwenye tanki. Chini ya pipa kuna koki nimeiacha inadondosha polepole, mvua ikikata pipa linajitoa lenyewe linasubiri mvua inayofuata. Hayo maji namwagia migomba.

Fundi wa Mbagala

Mama kaongea vizuri mimi niongezee ya kifundi, hizi kazi nazifanya muda mrefu.

Mkuu paa lako la pande nne, ukiweka gata mbele tu hupati hata nusu. Kwa vipimo ulivyotoa, ule upande mrefu wa mbele unabeba kama mita za mraba 35 tu kati ya 120. Yani kujaza tanki la lita 10,000 kwa upande huo mmoja unahitaji mvua ya kama milimita 350 bila kuchota hata ndoo, na Aprili yenyewe ambayo ndio mwezi wetu wa mvua kubwa kwa wastani ni mia mbili na kitu. Ukizungusha gata nyumba nzima, milimita kama 105 zinajaza tanki lilelile. Mvua moja ya nguvu ya milimita 50 inakupa karibu lita 4,800. Huyo fundi sio kwamba anakuibia, wengi hawajawahi kupiga hesabu, wao wanajua kufunga tu.

Gata iwe na mteremko, sentimita 1 kwa kila mita moja inatosha, tumia kamba na maji ya levo usikadirie kwa jicho. Vishikio weka kila sentimita 60 kwasababu gata ikijaa ni nzito, ukiachanisha sana inalegea katikati maji yanatuama pale, majani yanaoza, mbu wanazaliana. Na angalia fisha bodi kwanza, yani ule ubao wa ukingoni mwa paa unaobeba gata, kama imeliwa na mchwa au imeoza badilisha kabla hujapiga hata msumari mmoja, nimeitwa nyumba nyingi gata imening'inia na mbao yake.

Bomba la kushushia, kanuni tunayotumia ni sentimita moja ya mraba ya tundu kwa kila mita ya mraba ya paa. Bomba la nchi 4 tundu lake ni kama 80, kwahiyo paa la 120 usitegemee bomba moja, weka mawili, moja kila kona mbili. Mvua ya Dar sio ya kunyunyiza, inamwaga, bomba likiwa dogo maji yanaruka juu ya gata na yanakwenda kulekule kwenye msingi wako.

Alafu hapa ndio wengi wanakwama, sikiliza vizuri. Hilo tanki lako la 2,000 lililoko juu ya mnara haliwezi kupokea maji ya mvua. Gata yako iko kwenye mita 2.7 hivi au 3 kutoka chini, mdomo wa tanki lazima uwe chini ya gata, mvua haipandi mlima. Tanki la lita 5,000 peke yake urefu wake ni kama mita 2, kwahiyo stendi yake iwe fupi, nusu mita au chini ya hapo, upate nafasi ya koki na ndoo kukaa chini yake basi. Maji yakishakua hapo chini unanunua pampu ndogo unayapandisha kwenye la mnarani, nyumba inapata presha kama kawaida.

Na hiyo stendi fupi usiidharau. Lita 5,000 ni tani 5. Nilishaitwa nyumba moja huku kwetu, mtu kapanga tofali za nchi 5 mviringo kajaza mchanga katikati kamwaga zege jembamba juu, halina nondo, mvua zikaja mchanga ukakaa, tanki likaegemea ukuta wa jirani na bomba lote likang'oka. Bahati hakuna mtoto aliyekua anacheza pale. Chimba mpaka upate udongo mgumu, shindilia, mwaga jamvi la zege lenye nondo, tanki likae chini yote sawasawa bila kipande kuning'inia.

Kijana wa Kigamboni

Mimi natofautiana kidogo na mama hapo kwenye pipa. Lita 200 kila mvua ni nyingi hasa vuli mvua zenyewe za kudokoa, unaweza kukuta mvua nzima imeishia kwenye pipa. Mimi nimeweka bomba la nchi 4 limesimama wima kwenye kila mshuko, chini lina kifuniko cha kufungua kwa mkono, maji machafu yanajaa humo kwanza. Bomba moja la mita 3 linabeba kama lita 24.

Huku kwetu karibu na bahari naongezea kimoja, gata za bati tulizoweka mwanzo ziliota kutu hata miaka mitatu haikufika, upepo wa chumvi huu, tumehamia za plastiki na vishikio vya plastiki.

Na usije ukashawishika kufukia tanki la plastiki chini ili kuokoa nafasi. Shemeji yangu anakaa bondeni, alifukia la lita 5,000, kiangazi likaisha maji likabaki tupu, masika ikaja maji ya ardhini yakapanda, asubuhi moja wanaamka tanki limejisukuma limetoka juu, limepasua sakafu ya uani kama yai linavyopasuka. Kama unataka la chini jenga la zege na nondo, piga plasta ya kuzuia maji, na liwe mbali na shimo la choo, mita 15 usipunguze.

Mama wa Goba

Mwanangu wa Kigamboni nakuelewa lakini piga hesabu ya paa lake. Mita za mraba 120, kuosha kwa nusu milimita tu ni lita 60, na bati likiwa limekaa miezi bila mvua hata 120 hazitoshi. Mabomba yako mawili ya mita 3 ni lita 48 jumla. Kwa mvua zilizofuatana hiyo inatosha kabisa hata mimi siku hizo nafunga koki, pipa linabaki limejaa maji yanapitiliza, sipotezi kitu. Lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi, yani ile ya Oktoba, mimi naondoa kabisa lile bomba linaloingia kwenye tanki, inyeshe yote chini ioshe paa. Inaniuma kuona inamwagika lakini nimeshazoea.

Nesi wa Temeke

Nimependa huu uzi, niongee upande wa afya maana swali la kunywa hamjalijibu.

Maji ya mvua yanashuka safi, yanachafuka yakigusa paa. Kwa kufulia, kuogea, kudeki, choo, hayana neno, na kwasababu hayana chumvi sabuni inatoa povu mpaka unashangaa. Kwa kunywa chemsha mpaka yatokote kweli, au weka dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na subiri nusu saa. Usimpe mtoto wa miaka mitatu maji ya tanki hivihivi hata yawe meupe kiasi gani, vimelea vya kinyesi cha ndege havionekani kwa macho. Kama una banda la makuti uani usiunganishe hilo, maji yake yana rangi na yanaoza haraka.

La pili ni mbu. Dengue ilivyotusumbua hapa Dar mwaka 2014 na tena 2019 wengi tulidhani mbu anatoka kwenye mitaro michafu. Mbu wa dengue anapenda maji safi yaliyotulia, anauma mchana, na tanki lililo wazi ni nyumba yake ya kulala wageni. Kutoka yai mpaka mbu anaruka ni siku saba mpaka kumi hivi. Kwahiyo kila tundu liwe na wavu, pale maji yanapoingia, pale yanapofurikia, na lile pipa la mama nalo lifunikwe. Watu wengi wanaweka wavu juu wanasahau bomba la kufurikia, mbu anapita hapohapo.

Na mfuniko ufungwe kwa kufuli tafadhali, hasa kwenye matanki ya chini. Mtoto wa miaka mitatu anapanda kila kitu, na pipa la lita 200 linatosha kumzamisha.

Mdau wa Madale

Jamani asanteni sana, sikutegemea. Leo nimetoka kazini nikachukua tepu nikapima na mwanangu mkubwa kashika upande wa pili, ni 12.4 kwa 9.8, kwahiyo hesabu za mama ziko palepale. Upande wa nyuma fisha bodi ina kipande kama mita mbili kimelainika, nimekibonyeza kwa kidole kikaingia ndani, nisingekijua bila fundi wa Mbagala.

Sasa nataka kubadilisha mpango, hela yote ya kwanza iende kwenye gata nyumba nzima, pipa na jamvi, alafu tanki la lita 5,000 moja, la pili nitaongeza mbele ya safari. Tuko watu watano, tukijibana lita 200 kwa siku, 5,000 ni siku 25. Kiangazi chote sitakimudu najua. Je hayo mawili ya 5,000 ni bora kuliko moja la 10,000? Na kiangazi boza likija limwage humohumo?

Fundi wa Mbagala

Mawili ni bora mkuu. Unaunganisha kwa chini na geti valvu, yani koki ya kufungia maji, katikati, ukitaka kuosha moja unafunga, lingine linaendelea kutumika. Acha tu nafasi kwenye jamvi la kwanza usije ukavunja. Boza limwage humohumo hakuna shida, kiangazi kwa miezi minne mnahitaji kama lita 24,000 kwa hesabu yako, ukiingia Juni na 10,000 zimejaa umeshapunguza karibu nusu ya safari za boza.

Bomba linaloingia ndani ya tanki lisiishie juu, lishushe mpaka karibu na sakafu alafu weka elbo, ile kona ya bomba, liangalie juu, maji yanaingia kwa upole hayavurugi tope lililokaa chini. Na siku bomba la mtaa likifika kwenu usiliunganishe moja kwa moja na mfumo huu, liache limwage kwa juu ya tanki lenye boya la kufunga maji likijaa, maji ya mvua yasije yakarudi kwenye bomba la watu.

Mama wa Goba

Hapo sawa baba Nasra. Mwisho wa 2022 vuli ilipogoma na mto Ruvu unaotuletea maji ukapungua mji mzima ukaingia kwenye mgao, hata wenye bomba ndani walikua wanagombania boza na sisi, mimi nilikua na kama lita 4,000 nimezibana tangu Mei, za kupikia na za kunywa tu. Wajukuu nilikua nawapimia kwa kopo.

Swali moja, kuna mti umeegemea paa lako?

Mdau wa Madale

Upo mama, mwembe wa jirani, matawi mawili yanagusa bati upande wa jikoni, na kunguru ndio wanalala hapo.

Mama wa Goba

Nenda kwa jirani leo usisubiri fundi, muombe kwa heshima myakate hayo matawi mawili, mwambie na yeye ukimaliza unamuachia bomba lako la kufurikia limwage upande wake. Mwenye kisima cha chumvi hawezi kukataa hilo.

Mdau wa Madale

Ndio huyohuyo mwenye kisima mama. Nimeongea naye saa hizi kwenye uzio, kesho asubuhi analeta panga na ngazi, na kaomba na yeye namba ya fundi wa Mbagala.